Nani anaukunja utumbo wa mtoto tumboni? Uzi kuhusu kani zinazoumba kiinitete

Mwalimu wa Mikindani (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara. Kila tunapofika kwenye mada ya ukuaji wa kiinitete, yaani kiumbe kinapoanza kujengeka tumboni au ndani ya yai, wanafunzi hujibu kwamba umbo la mtoto limeandikwa kwenye jeni, na kwao suala linaishia hapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limeruka hatua nzima ya katikati. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Hakuna jeni iliyobeba mchoro wa sikio wala vipimo vya mikunjo ya utumbo. Kutoka kwenye protini hadi kufika kwenye sikio kuna kazi halisi ya kuvuta, kusukuma, kubana na kujaza maji, na wanaoifanya kazi hiyo ni seli zenyewe. Naamini kwamba asiyeijua kazi hiyo hawezi kuelewa inakuwaje mtoto mmoja azaliwe na mgongo wazi na mwenzake azaliwe salama, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1874 mwanaanatomia Wilhelm His, aliyekuwa Leipzig huko Ujerumani, alidai kwamba sehemu nyingi za mwili wa kiinitete hupatikana kwa tabaka bapa za tishu kukunjwa na kubinywa, na alitumia mirija ya mpira kuonyesha mikunjo hiyo. Wapo wanasayansi wakubwa wa wakati wake waliombeza. Mwaka 1917 Mskoti D'Arcy Thompson alichapisha kitabu kikubwa akitetea kwamba maumbo ya viumbe yanapaswa kuelezwa pia kwa hesabu na fizikia. Kisha karne ya ishirini ikawa karne ya jeni, na hoja ya kani, yaani hizo nguvu za kuvuta na kusukuma, ikawekwa kando kwa miaka mingi. Imerudi kwa kishindo katika miongo ya karibuni, kwa kuwa sasa kuna darubini zinazoweza kuitazama seli hai ikijongea ndani ya kiinitete, na kuna njia za kupima inavuta kwa nguvu kiasi gani.

Sasa tuingie ndani ya seli. Chini ya utando wake kuna wavu wa nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini, na katikati ya nyuzi hizo kuna mayosini, protini ya jamii ileile inayofanya msuli wa mkono ujikaze. Mayosini ikizivuta nyuzi, upande huo wa seli hubanwa. Seli jirani nazo zimeshikana kwa protini ziitwazo kadherini, ambazo Mjapani Masatoshi Takeichi alizieleza na ambazo haziwezi kushika bila madini ya kalisiamu. Kwa hiyo seli moja ikijibana, haijibani peke yake, kwa kuwa inamvuta jirani, na jirani anamvuta wa tatu, hadi tabaka zima linaanza kupinda. Mwaka 1955 Townes na Holtfreter walitenganisha seli za viinitete vya jamii ya vyura na salamanda, wakazichanganya ovyo, kisha wakaziacha. Zilijipanga upya zenyewe, za ngozi zikaja nje na nyingine zikaingia ndani, bila mtu kuzielekeza. Tofauti za kushikana na za mvutano wa uso (jinsi uso wa seli ulivyokazwa) kati ya seli zinatosha kuleta mpangilio huo kwa sehemu kubwa.

Mfano ulio muhimu kuliko yote kwetu wanadamu ni mrija wa neva, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo. Katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, mgongo wa kiinitete una bamba la seli lililolala wazi. Mambo mawili hutokea karibu kwa wakati mmoja. Kwanza, seli za bamba hupenyezana kuelekea mstari wa kati, na kwa kupenyezana huko bamba linakuwa jembamba na refu zaidi. Ray Keller wa Marekani ameitumia miaka mingi kuichunguza hatua hii kwa chura mwenye makucha, jamii ambayo ndugu zake wanaishi hata kwenye madimbwi ya pwani yetu. Pili, seli zilizo kwenye mistari maalumu hubana ncha zao za juu, zikawa nyembamba juu na pana chini, na bamba likapinda hapo hapo. Kingo mbili zinainuka, zinakaribiana, zinagusana, zinaungana. Kwa binadamu mrija huu huwa umekwisha kufungwa pande zote mbili kufikia takriban siku ya 28. Panya wenye hitilafu katika jeni iitwayo Vangl2 hushindwa ile hatua ya kwanza: bamba linabaki pana mno, kingo zinainuka lakini ziko mbali, hazifikiani, na mrija unabaki wazi karibu urefu wote. Tazameni jambo hilo kwa makini. Hitilafu ni ya jeni, lakini kinachoshindikana ni umbali wa kufikia.

Mfano wa pili ni utumbo, na huu ndio uliobadilisha namna ninavyofundisha. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita kama sita, nao umekunjwa kwa utaratibu unaofanana kati ya mtu na mtu. Mtu anaweza kudhani kwamba kila kona imepangwa na jeni yake. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Harvard, wakiwemo Thierry Savin, Clifford Tabin na L. Mahadevan, walionyesha jambo jepesi kuliko hilo. Utumbo wa kiinitete umeshonwa kwa urefu wake wote kwenye utando mwembamba unaouning'iniza, na utumbo hukua kwa kasi kuliko utando huo. Fundi cherehani yeyote wa sokoni analijua tokeo lake: anapotaka marinda kiunoni, huivuta lastiki ikiwa imenyooshwa, akaishona kwenye kitambaa, kisha akaiachia, na kitambaa kilicho kirefu kuliko lastiki kinajikunja chenyewe kwa nafasi zinazolingana. Watafiti wale walifanya karibu hivyo hivyo kwa mrija wa mpira na karatasi ya mpira iliyovutwa, na mikunjo ikatokea. Walipoutenganisha utumbo wa kifaranga na utando wake, utumbo ulinyooka, na utando nao ukajikunyata. Zaidi ya hapo, kwa kupima unene, ugumu na kasi ya ukuaji tu, waliweza kukadiria idadi na ukubwa wa mikunjo kwa kuku, kware, panya na ndege mwingine mdogo.

Jeni hazikuondolewa kazini hapo. Ndizo zinazoamua utumbo ukue kwa kasi gani na utando uwe mgumu kiasi gani. Lakini mkunjo wenyewe haukuandikwa popote.

Mfamasia wa Lindi

Ndugu mtoa mada, nashukuru kwa maelezo yaliyopangwa vizuri. Hata hivyo, nina shaka moja ambayo naomba uijibu bila kuizunguka. Kwa maelezo yako mwenyewe, jeni hutoa amri, protini hutekeleza, na kani ni matokeo ya utekelezaji huo. Kama ndivyo, basi kani ziko mwisho wa mnyororo, na mwanafunzi anayesema kwamba umbo linatoka kwenye jeni hajakosea jambo kubwa. Je, kuna ushahidi kwamba kani yenyewe inaweza kurudi nyuma ikaamrisha jeni?

Mwalimu wa Mikindani (mtoa mada)

Ndugu Mfamasia, umegusa moyo wa mada. Ushahidi upo, na ni mwingi.

Mwaka 2003 Emmanuel Farge wa Ufaransa alikibinya kiasi kiinitete cha nzi wa matunda. Jeni iitwayo twist, ambayo kwa kawaida hufanya kazi sehemu maalumu tu, iliwaka hata mahali ambapo haikupaswa kuwaka. Akaonyesha kwamba hata katika ukuaji wa kawaida, sehemu ya mbele ya utumbo wa nzi huyo hubinywa na tishu inayorefuka kuja upande wake, na kubinywa huko ni sehemu ya kinachoiwasha jeni hiyo pale. Hapo mnyororo wako umegeuka: msukumo umetangulia, jeni imefuata.

Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao walichukua seli shina, yaani seli ambazo bado hazijawa za aina maalumu, kutoka uboho wa binadamu, wakaziweka juu ya jeli zilizotofautiana ugumu tu, huku chakula cha seli kikiwa kilekile. Zilizokaa kwenye jeli laini kama ubongo, chini ya kilopaskali moja (kilopaskali hapa ni kipimo cha ugumu), zilianza kuonyesha dalili za seli za neva. Zilizokaa kwenye ugumu wa msuli, takriban kilopaskali 8 hadi 17, zilielekea kwenye msuli. Zilizokaa kwenye ugumu wa kilopaskali 25 hadi 40 zilielekea kwenye mfupa. Seli ilikuwa ikikivuta kilicho chini yake, ikapima kinavyokataa kuvutika, na jibu likafika hadi kwenye kiini chake.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kwenye kisahani cha maabara. Basi chukua kazi ya Elias Barriga na Roberto Mayor wa London, iliyochapishwa mwaka 2018, ambayo ilifanyika ndani ya kiinitete hai cha chura. Kuna seli zinazotoka kwenye kingo za mrija wa neva na kuhama ili zikajenge, pamoja na mambo mengine, mifupa na gegedu za uso. Walikuta kwamba seli hizo huondoka pale ambapo tishu iliyo chini yake imekuwa ngumu kiasi cha kutosha. Walipoizuia tishu hiyo isikaze, safari haikufanyika, na walipoikaza mapema, seli ziliondoka kabla ya wakati wake.

Moyo nao ni shahidi. Moyo wa kiinitete huanza kupiga ukiwa bado mrija tu, kabla haujapata vali, na mkwaruzo wa damu inayopita ndani yake ni sehemu ya kinachoutengeneza. Mwaka 2003 Jay Hove na wenzake waliweka vishanga vidogo vya kioo kuzuia mtiririko wa damu ndani ya moyo wa kiinitete cha samaki pundamilia. Jeni za samaki huyo hazikuguswa kabisa, lakini moyo haukujipinda inavyotakiwa na vali zake hazikuumbika.

Kwa hiyo mimi sioni mnyororo wenye mwanzo na mwisho. Ninaona mzunguko, na mwanafunzi anayetaja jeni peke yake ametaja nusu ya mzunguko huo.

Mfamasia wa Lindi

Nimeridhika na majaribio ya nzi na ya samaki, kwa kuwa hayo yamefanyika ndani ya kiumbe na jeni zikiwa kamili. Lile la jeli ningelichukua kwa tahadhari zaidi. Asante sana.

Mfugaji wa Masasi

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfugaji wa kuku wa kienyeji, natumia mashine ya kutotolesha vifaranga, na kila siku nayageuza mayai kama nilivyoelekezwa. Naomba kuuliza kama kugeuza huko nako ni katika hizi kani unazozieleza, au ni jambo jingine. Pia naomba kujua ni siku gani naweza kuona kitu kwa macho yangu nikiyapima mayai kwa tochi.

Mwalimu wa Mikindani (mtoa mada)

Marahaba ndugu yangu. Kugeuza mayai kwenye mashine kunasaidia hasa kiinitete na tando zake zisigandamane na ngozi ya ndani ya gamba, na kunasaidia ute utumike vizuri. Kwa maana hiyo si kani inayochora umbo. Lakini kuna kugeuzwa kwingine, ambako hukuoni, kunakoamua jambo kubwa sana. Yai likiwa bado ndani ya tetea, hukaa takriban saa 20 kwenye sehemu inayotengeneza gamba, na muda huo huzungushwa polepole, kama mara 10 hadi 12 kwa saa. Kiini cha njano ndani yake hujaribu kubaki na upande wake mwepesi juu, mzunguko unakiinamisha, na kile kidoa cheupe chenye seli za kifaranga kinabaki kimelala mshazari. Upande uliobaki juu ndio huwa mkia. Kwa ufupi, mvutano wa dunia ndio unaomwambia kifaranga kichwa chake kikae wapi, na jambo hilo limekwisha kabla wewe hujaliokota yai.

Kuhusu kuona, moyo wa kifaranga huanza kupiga ndani ya siku ya pili ya joto la mashine. Siku ya nne ukiweka tochi kwenye upande butu wa yai, gizani, utaona mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwenye doa moja. Ukilivunja yai la siku ya tatu kwa uangalifu kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo, utakiona kiinitete kimekaa juu ya kiini cha njano, kimepinda kichwani, chenye uwazi kama kioo, na katikati yake nukta nyekundu isiyozidi kichwa cha pini inajikunja na kujikunjua. Mishipa iliyo karibu na moyo na inayopitisha damu nyingi huwa minene zaidi, na ile inayopitisha damu kidogo hunywea na baadhi hupotea kabisa. Ramani ya mishipa unayoiona kwa tochi imechorwa kwa sehemu na damu yenyewe.

Jicho nalo lina kisa chake. Mwaka 1956 Coulombre aliingiza kimrija kidogo kwenye jicho la kiinitete cha kuku ili maji ya ndani yavuje. Jicho lilibaki dogo. Shinikizo la maji ndilo linalolitanua jicho hadi kufikia kipimo chake.

Mkunga wa Newala

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Nimefanya kazi ya ukunga kwa muda mrefu, na nimepokea watoto wenye mgongo wazi na wenye nyayo zilizopinda. Mara nyingi mama huambiwa na majirani kwamba amerogwa, au kwamba alivunja mwiko, na wapo wanaoachwa na waume zao kwa sababu hiyo. Naomba ueleze kwa namna ambayo naweza kuirudia kliniki: vidonge vya kuongeza damu tunavyowapa vinaingiaje katika habari hii ya kufungwa kwa mrija? Na mtoto aliyekosa maji ya kutosha tumboni huathirika vipi?

Mwalimu wa Mikindani (mtoa mada)

Dada Mkunga, nakushukuru sana, kwa sababu ninyi ndio mnaokutana na jambo hili likiwa na jina na uso.

Waelezeni akina mama hivi: mgongo wa mtoto ulikuwa bamba lililotakiwa kukunjwa na kufungwa ndani ya siku 28 za mwanzo, na kwa mtoto huyu kingo hazikukutana sehemu moja. Hakuna mkono wa mtu katika jambo hilo. Ili kingo zifikiane, seli zinatakiwa kugawanyika haraka na kwa wingi wa kutosha, na asidi foliki, vitamini iliyomo kwenye vidonge vyenu vya kuongeza damu, inahitajika katika kutengeneza DNA ya kila seli mpya. Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza, uliowahusisha wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo: waliotumia asidi foliki kabla ya mimba na mwanzoni mwake walipunguza uwezekano wa tatizo kujirudia kwa asilimia 72.

Tatizo letu ni kalenda. Siku ya 28 mama wengi ndiyo kwanza wanaanza kuhisi kwamba hedhi imechelewa, na wanawake wengi nchini huja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitatu, minne au zaidi. Vidonge mnavyowapa wakati huo vina faida kwa damu yao, lakini mrija ulikwisha kufungwa au kushindwa kufungwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, na mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, ambacho daktari ndiye wa kumpangia. Unga wa viwandani huongezewa asidi foliki, lakini familia nyingi za Newala, Tandahimba na Nachingwea zinakula mahindi na muhogo uliosagwa kwenye mashine ya kijijini, ambao hauongezewi chochote. Mbaazi, kunde, choroko na mboga za majani zina foliki nyingi kwa asili, nazo tunazo, ila kuzitegemea peke yake ni kubahatisha. Kwa maoni yangu mahali pa kuanzia ni kwa wasichana na kwa wanandoa wanaopanga kuzaa, wala si kwenye foleni ya wajawazito.

Kuhusu maji ya uzazi, mtoto tumboni huyavuta na kuyatoa kwa kifua chake kana kwamba anapumua, na mapafu hubaki yametanuliwa na umajimaji. Kutanuliwa huko ndiko kunakoyafanya yakue. Maji yakiwa machache mno kwa muda mrefu, hasa katikati ya mimba, mapafu hubaki madogo, na viungo hukosa nafasi ya kunyooka.

Viungo vyenyewe vinahitaji kuchezeshwa. Mwaka 1962 Drachman na Coulombre waliwapooza vifaranga wakiwa ndani ya yai kwa dawa inayolegeza misuli, kwa siku moja au mbili tu, na vifaranga wakatotolewa na nyayo zilizopinda na viungo vilivyokakamaa. Mateke anayoyasikia mama yanatengeneza magoti na vifundo vya mtoto. Hata hivyo, watoto wengi wenye nyayo zilizopinda hawana tatizo jingine lolote, kwa hiyo msimwambie mama kwamba mtoto alikuwa hachezi. Mwambieni awahi, kwa kuwa tishu za mtoto mchanga bado zinatii mvuto. Mtaalamu wa hospitali hunyoosha unyayo kidogo kidogo kwa mkono, huufunga hogo, na hubadilisha hogo hilo kila wiki kwa wiki kadhaa, na mara nyingi hukamilisha kwa kuikata kano ya kisigino na kumvalisha viatu maalumu.

Kidato cha Sita

Shikamoo mwalimu. Swali langu ni fupi. Seli ni ndogo kuliko hata vumbi. Wanajuaje kwamba inavuta, na inavuta kiasi gani?

Mwalimu wa Mikindani (mtoa mada)

Marahaba mwanangu. Njia ni kadhaa. Mojawapo ni kuukata mpaka kati ya seli mbili kwa mwali mwembamba wa leza na kutazama kingo zinavyoachana. Zikiruka kwa kasi, mpaka ulikuwa umevutwa sana. Nyingine ni kuifyonza seli kidogo kwa kimrija cha kioo na kupima ni shinikizo gani linahitajika ili uso wake uingie. Kwa njia hiyo Jean-Léon Maître na wenzake, mwaka 2015, walionyesha kwamba kiinitete cha panya chenye seli nane kinapojikaza na kuwa mpira mmoja, mvutano wa uso wa nje wa seli hupanda karibu mara mbili.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Otger Campàs, ambaye huingiza tone dogo la mafuta katikati ya seli hai. Tone likiachwa huru huwa duara kamili. Likibanwa na seli linapotoka umbo, na kwa kuwa mvutano wa uso wa mafuta hayo unajulikana, upotofu wa umbo unageuzwa kuwa hesabu ya kani. Baadaye kundi lake lilitumia matone yanayoitika sumaku, wakayavuta kutoka nje, na mwaka 2018 wakaonyesha jambo la kustaajabisha kwa samaki pundamilia: tishu iliyo mwishoni mwa mkia unaokua iko katika hali ya majimaji, seli zikipishana kwa urahisi, lakini kadiri unavyosogea kuelekea kichwani nafasi kati ya seli zinapungua, seli zinabanana, na tishu inakuwa yabisi. Mkia hurefuka kwa upande ulio laini huku upande ulioganda ukihifadhi umbo ambalo limekwisha kupatikana.